Zamu ya Maji Iliyopita: Mwongozo wa Kumsaidia Mwenye Sonona, Mtoto hadi Mzee

Kule milimani Upare, mwenye shamba chini ya ndiva, yaani bwawa la kukingia maji ya shamba, anaijua zamu yake ya maji kama anavyoijua sauti ya mwanawe. Usiku kucha maji yanakingwa, asubuhi ndiva inafunguliwa, na mwenye zamu yuko mferejini na jembe lake. Mfikirie basi baba wa miaka 45 ambaye zamu imempita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maharage yananyauka. Yeye amekaa mlangoni na shati la juzi, jembe limeegemezwa ukutani palepale. Wapita njia wanasema lao. Wa kwanza: "Siku hizi kawa mvivu." Wa pili: "Pombe hiyo." Wa tatu, kwa sauti ya chini: "Kuna mkono wa mtu." Wote watatu wanamfahamu tangu utoto. Hakuna aliyeingia uani kumuuliza hali.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wapita njia hao, yaani mimi na wewe: ndugu, jirani, mwalimu, imamu, mchungaji, balozi wa nyumba kumi, mwenyekiti wa kitongoji. Jambo la kushika ni moja. Sonona ni ugonjwa mmoja, lakini sisi tunaubandika jina tofauti kwa kila umri. Mtoto tunamwita mtukutu, kijana mla mirungi, mwanamke aliyejifungua mama asiye na upendo, mwanamume mvivu, na mzee tunasema ni uzee tu. Jina hilo la kubandika ndilo linalomfungia mgonjwa mlango wa matibabu. Ukilijua, unaweza kulibandua.

1. KWA NINI MANENO YA WATU NI HATARI

Neno "unyanyapaa" tulilizoea enzi za UKIMWI. Tuliona wenyewe namna mtu alivyoogopa kuonekana kliniki kuliko alivyoogopa ugonjwa. Kwa sonona mambo huenda vilevile, kwa hatua tatu:

1. Watu wanasema. Maneno yanaanzia gulioni, kisimani, kwenye vikao vya ukoo.
2. Mgonjwa anaamini. Sonona yenyewe humwambia mtu kwamba hafai. Akisikia na jirani anasema hivyo hivyo, anaona imethibitishwa.
3. Mgonjwa anajificha. Anaacha ibada, anaacha vikoba, anajibu "niko salama" kwa kila salamu. Akifika hospitali, amefika amechelewa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu takribani milioni 332 duniani wanaishi na sonona, na kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya robo tatu ya wenye matatizo ya afya ya akili hawapati matibabu yoyote. Uhaba wa wataalamu ni sababu mojawapo. Aibu ni nyingine, na hiyo haingoji bajeti ya serikali. Tunaweza kuipunguza wenyewe.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni kweli. Lakini tujiulize pia ni nani aliyemfanya ayafiche.

2. SONONA NI NINI HASA

Neno lenyewe limetoka kwenye kusononeka. Hata hivyo sonona si huzuni ya kawaida. Kila mtu husononeka akifiwa, ng'ombe wakiisha kwa ukame kule tambarare, au bei ya tangawizi ikianguka. Huzuni hiyo huja na kupungua, na mtu hucheka katikati yake. Sonona hukaa.

> KISANDUKU CHA 1: DALILI ZA KUANGALIA
>
> Hesabu wiki mbili. Je, karibu kila siku, kwa sehemu kubwa ya siku:
>
> ☐ ana huzuni, au moyo mzito, au anasema hasikii kitu chochote moyoni?
> ☐ amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda?
> ☐ halali, au analala kupita kiasi?
> ☐ hali, au anakula kupita kiasi, na mwili unabadilika?
> ☐ amechoka bila kazi?
> ☐ anajilaumu, anajiona mzigo?
> ☐ hawezi kutuliza akili hata kwenye jambo dogo?
> ☐ amekuwa mzito wa mwendo na maneno, au hatulii kabisa?
> ☐ anazungumzia kifo, au kutamani asiwepo?
>
> Dalili tano au zaidi, mojawapo ikiwa kati ya mbili za mwanzo, na maisha yake ya kila siku yakiwa yameharibika, ni sababu ya kumpeleka kwa mhudumu wa afya. Dalili ya mwisho ikiwepo, usingoje wiki mbili. Nenda moja kwa moja Kisanduku cha 3.
>
> Kisanduku hiki ni cha kukufungua macho. Anayepima na kutaja ugonjwa ni mhudumu wa afya.

Usitegemee mtu akwambie "nina sonona". Atasema "mawazo yamenizidi", "mwili hauna nguvu", "kichwa hakiachi kuuma", "moyo unaenda mbio". Wengi hupimwa malaria na tumbo mara nne kabla ya mtu kuuliza habari za moyo. Na kama ni mzee aliyekulia Kipare, mwache aseme kwa Kipare. Uchungu hausemeki vizuri kwa lugha ya kuazima.

Sababu huwa nyingi kwa pamoja: kurithi, msiba, madeni, kipigo ndani ya nyumba, ugonjwa wa muda mrefu, kujifungua, upweke. Hakuna sababu hata moja kati ya hizo inayoitwa uvivu, na mwili wenyewe hushiriki: usingizi, hamu ya chakula na nguvu hubadilika bila mtu kutaka.

3. JINA LA KUBANDIKA KWA KILA UMRI, NA NAMNA YA KULIBANDUA

Mtoto wa shule ya msingi

*Utasikia:* "Mtukutu huyu." "Anadeka." "Ana akili nzito."

*Ukweli:* Mtoto naye hupata sonona. Kwa kuwa hana maneno ya kuielezea, huonekana kwa hasira, kulia ovyo, kuumwa tumbo kila asubuhi ya shule, kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, au kukaa pembeni wenzake wakicheza.

*Fanya hivi:*
1. Mwalimu, kabla ya fimbo uliza maswali mawili: "Nyumbani kuna nini siku hizi?" na "Jana usiku ulilala?" Utoro na daftari tupu huweza kuwa dalili.
2. Mzazi au mlezi, usimkalishe mtoto mbele yako kama shahidi mahakamani. Zungumza naye mikono ikiwa na kazi, mkipukuchua mahindi au mkichambua maharage ya makande. Mtoto husema zaidi asipotazamwa usoni.
3. Ukihisi anapigwa au anadhulumiwa kimwili, piga simu namba 116, huduma ya simu kwa mtoto. Haitozi pesa, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Kijana

*Utasikia:* "Balehe inamsumbua." "Mapenzi hayo." "Mirungi hiyo." "Kizazi cha simu hakina uvumilivu."

*Ukweli:* Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla mtu hajafikisha miaka 18. Kijana ni mtu wa kuangaliwa kwanza, lakini ndiye tunayemsikiliza mwisho. Huku kwetu shida ina sura yake: katika baadhi ya kata za milimani mirungi hulimwa kwa siri ingawa sheria inaikataza, kwa hiyo kijana akijitenga au akikosa usingizi, kila kidole kinaelekea huko. Wapo wanaotafuna kweli. Lakini baadhi yao walianza kutafuna ili kuukimbia moyo uliokuwa tayari umelemewa, na nguvu ya majani ikiisha, moyo hushuka chini zaidi.

*Fanya hivi:*
1. Tenganisha maswali. Uliza habari za moyo siku moja na habari za mirungi siku nyingine. Ukianza na mirungi, ya moyo hutayasikia.
2. Jihadhari na majira ya matokeo ya kidato cha nne, mwanzoni mwa mwaka. Usimlinganishe na binamu yake aliyefaulu, hata kwa utani.
3. Usiipekue simu yake wala usimtangaze kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Siri ikivunjwa mara moja, hatakwambia ya pili.

Mama aliyejifungua

*Utasikia:* "Hampendi mwanawe." "Mbona sisi tulizaa wanane tukaenda shamba?" "Amerogwa." "Wa mjini hawa."

*Ukweli:* Duniani, zaidi ya mwanamke mmoja kati ya kumi wajawazito au waliojifungua karibuni hupata sonona. Kulialia na kubadilikabadilika siku chache za mwanzo ni kawaida na hupita. Yakivuka wiki mbili, ni ugonjwa. Mama huyo anaweza kumwogesha na kumnyonyesha mtoto vizuri, ndani akiwa hasikii furaha yoyote, na akajichukia kwa sababu hiyo. Ukimwambia "hampendi mwanawe" umemwambia kitu anachokiogopa kuliko vyote.

*Fanya hivi:*
1. Mama mkwe, wifi, dada: mchukueni mtoto saa mbili kila siku ili mama alale. Usingizi ni sehemu ya tiba.
2. Siku ya kliniki ya mtoto, msindikize. Mtoto akishapimwa uzito, mwambie muuguzi: "Na mama yake naye hayuko sawa, tunaomba aangaliwe."
3. Akianza kusikia sauti, kuona visivyokuwepo, kukosa usingizi kabisa, au kusema mtoto ana kitu kibaya cha kuondolewa, hiyo ni dharura. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake na mtoto hata kwa dakika chache.

Mwanamume mtu mzima

*Utasikia:* "Jikaze kisabuni." "Mwanamume halii." "Mke kamkalia."

*Ukweli:* Wanawake hupata sonona zaidi, lakini wanaume wanaokufa kwa kujiua duniani ni takribani mara mbili ya wanawake. Mwanamume hafundishwi kulia, kwa hiyo sonona yake hutoka kwa njia nyingine: hasira, ukimya, kurudi usiku wa manane, kushinda kwenye pombe ya dengelua kilabuni. Watu huiona pombe peke yake. Kumbe mara nyingi pombe ni bandeji aliyojifunga juu ya jeraha, na bandeji yenyewe ni chafu.

*Fanya hivi:*
1. Mwendee akiwa peke yake na hajanywa. Mwanamume hufunguka mkitembea pamoja au mkifanya kazi bega kwa bega.
2. Anza na ulichokiona: "Kaka, zamu yako ya maji imepita mara tatu. Nakufahamu, hilo si kawaida yako. Kuna nini?"
3. Usimtishie heshima yake mbele ya mke na watoto.

Mzee

*Utasikia:* "Uzee huo, utamfanya nini?" "Anasubiri siku zake." "Karudi utotoni."

*Ukweli:* Hapa ndipo tunapokosea kwa upole kabisa, kwa sababu maneno yetu yanafanana na huruma. Uzee hauleti kukata tamaa kwa lazima. Mzee mwenye sonona hutibika kama kijana. Wengi wanaishi milimani na wajukuu, watoto wakiwa Dar es Salaam, Arusha au Moshi. Fedha zinakuja kwenye simu, mtu haji.

Kusahau nako kuna namna mbili. Mwenye sonona mara nyingi hulalamika mwenyewe: "Akili yangu imeisha." Mwenye ugonjwa wa kusahau wa uzeeni mara nyingi hajui kama anasahau, wanaona wengine. Si kipimo cha uhakika, na yote mawili yanahitaji daktari.

*Fanya hivi:*
1. Shikamoo peke yake haitoshi. Mzee ataitikia marahaba hata kama hajatia kitu tumboni tangu jana. Kaa chini, kubali chai, uliza tena.
2. Wewe uliye mbali, ukipiga simu usiulize "mzima?" tu. Uliza: "Jana ulikula nini, mama? Ulilala? Nani alikuja kukuona wiki hii?"
3. Mpe kazi inayomstahili: kusuluhisha, kufundisha wajukuu, kusimamia miche. Anayejiona mzigo huponywa pia na kuhitajika.
4. Kituoni, ulizia utaratibu wa msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Nenda na kitambulisho chake.

4. HATUA SITA ZA KUZUNGUMZA NA MGONJWA

1. Chagua mahali na wakati. Pasiwe gulioni wala mlangoni kwa msikiti au kanisa. Uwe na muda. Mtu hasemi ya moyoni kwa mwenye bodaboda inayonguruma nje.
2. Sema ulichokiona, usitaje ugonjwa. "Naona umekonda, na kwaya umeacha" ni bora kuliko "nadhani una matatizo ya akili".
3. Nyamaza usikilize. Kimya kikiingia, kiache. Usikimbilie kusimulia ya kwako.
4. Rudia kwa maneno yake. "Kwa hiyo usiku ndio mbaya zaidi." Atajua umesikia.
5. Uliza wazi kuhusu kifo. "Je, umewahi kufika mahali ukatamani usiwepo, au ukafikiria kujidhuru?" Wengi wanaogopa kwamba swali hili litampandikizia wazo. Halimpandikizii, humpa nafasi ya kulitua.
6. Malizia na jambo moja la kufanya, lenye siku. "Jumatatu asubuhi nitakuja, tutaenda zahanati wote."

> KISANDUKU CHA 2: BADALA YA KUSEMA... SEMA...
>
> "Jikaze." → "Umejikaza muda mrefu. Sasa tusaidiane."
> "Wapo wenye shida kuliko wewe." → "Naona mzigo huu ni mzito."
> "Unamkosea Mungu." → "Tutaomba pamoja, na hospitali tutaenda pamoja."
> "Kwani umekosa nini?" → "Si lazima uwe na sababu ili uumwe."
> "Chizi", "mwehu", "wa Mirembe" → jina lake.

Hilo la mwisho lina uzito wake. Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Dodoma, na tumeligeuza jina lake kuwa tusi. Matokeo yake, ukimwambia mtu aende kutibiwa, yeye anasikia unataka kumfungia. Mwambie ukweli: wenye sonona walio wengi hutibiwa wakitokea nyumbani na kurudi nyumbani siku hiyohiyo.

5. NJIA YA KWENDA KWENYE MATIBABU

*Pa kuanzia.* Anza na zahanati ya kijiji au kituo cha afya kilicho karibu. Mhudumu wa afya ya jamii wa kitongoji chako anaweza kuwatangulizia. Kutoka hapo ni hospitali ya wilaya mjini Same, au kwa walio upande wa Gonja, hospitali ya Kilutheri ya Gonja. Ikihitajika rufaa, Moshi kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi na Hospitali ya Kanda ya KCMC. Kabla ya kutoa nauli ya kushuka mlimani, piga simu au uulize mhudumu siku ambayo anayeona wagonjwa wa afya ya akili yupo.

*Cha kusema.* Usimwache mgonjwa aishie kwenye "kichwa kinauma". Andika kwenye karatasi: ilianza lini, analala saa ngapi, anakula nini, dawa anazotumia, kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kuumwa hivyo, kama ametaja kifo. Omba na vipimo vya mwili pia. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi la shingoni huweza kufanana na sonona.

*Tiba ikoje.* Kuna mazungumzo ya ushauri, na kuna dawa kama amitriptilini na fluoxetini. Kutojua yafuatayo kumewaangusha wengi:

* Dawa haifanyi kazi kesho. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne au zaidi.
* Madhara madogo, kama mdomo kukauka au usingizi, huja kabla ya nafuu. Mrudishe kwa tabibu, usimwachishe mwenyewe.
* Akipona, anaendelea na dawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, na kuacha ni kwa kupunguza kidogokidogo chini ya tabibu.
* Vidonge vikae kwa mtu mwingine wa nyumbani. Amitriptilini nyingi kwa mkupuo ni hatari kwa maisha.

*Msikiti, kanisa na mganga.* Watu wetu huanzia huko, na wataendelea kuanzia huko. Dua na maombi humshika mtu mkono, na wengi wameshikiliwa hivyo hadi nafuu ikafika. Ombi langu kwa viongozi wa dini na waganga ni moja: anayekuja kwako, mwambie pia aende hospitali, na usimwamuru aache dawa. Akifungwa kamba, akipigwa ili "atoke pepo", au akilazimishwa kufunga bila kula, huo ni ukatili, na ndugu wana wajibu wa kumwondoa hapo.

> KISANDUKU CHA 3: DHARURA, ANAPOTAKA KUJIUA
>
> 1. Usimwache peke yake. Pangeni zamu, usiku na mchana.
> 2. Ondoeni nyumbani viuatilifu vya shambani, kamba, dawa za hospitali na vyenye makali. Sumu ya shambani ifungiwe kwa jirani.
> 3. Sema naye kwa utulivu. Usimkemee, usimwapize.
> 4. Mpelekeni hospitali leo, si kesho. Mtafuteni mwenye gari, mwambieni mwenyekiti wa kitongoji asaidie.
> 5. Namba za bure: 199 ya Wizara ya Afya kwa ushauri, 116 kwa mtoto, 112 kwa dharura.
> 6. Akiwa tayari amejidhuru, kwanza ni kuokoa uhai, maswali baadaye.

Kuhusu hatua ya mwisho, ujue sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kwa jirani zetu Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume na katiba yao. Hofu ya polisi huwafanya ndugu wamfiche aliyejidhuru chumbani, na saa hizo za kuficha ndizo zinazoua. Usifiche. Mwambie tabibu ukweli wote, ikiwemo alichokunywa, ili atibiwe ipasavyo.

6. MSARAGAMBO WA MANENO: KAZI YA KIJIJI

Ndiva ikijaa tope haisafishwi na mtu mmoja. Huitishwa msaragambo, kila kaya inatoa mtu. Maneno mabaya yaliyorundikana miaka yote nayo hayaondolewi na tangazo moja la Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani. Yanahitaji mikono mingi na marudio.

Kwamba kijiji kinaweza, ushahidi upo jirani. Kusini-magharibi mwa Uganda, katika vijiji 30, watu wa kawaida waliofundishwa waliongoza vikundi vya wenye sonona vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha dalili zimepungua sana kuliko kwa wasiokuwa kwenye vikundi. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kupanga hatua za kutatua shida zao. Bibi wa namna hiyo hawakosekani huku kwetu Suji, Mbaga, Chome wala Hedaru. Tunachowanyima ni mafunzo na benchi.

Kitongoji chako kinaweza kuanza hivi:

1. Ajenda moja kwenye mkutano wa kijiji. Mwalikeni tabibu au afisa ustawi wa jamii kwa nusu saa. Ajibu maswali, asisome hotuba.
2. Aliyepona aseme mwenyewe. Tume ya jarida la Lancet iliyochunguza unyanyapaa mwaka 2022 ilikuta kwamba kinachopunguza unyanyapaa kuliko vyote ni watu kukutana na aliyepitia ugonjwa. Lakini aseme kwa hiari yake, siku anayotaka, kwa kiasi anachotaka. Usimtaje mtu jina kabla hajajitaja.
3. Tafuteni wasemaji wa kila umri. Mzee anayesikia kijana amepona husema "ya vijana hayo". Akisikia mzee mwenzake, atajiuliza.
4. Mlindieni nafasi yake. Jina lake kwenye vikoba, zamu yake ya maji, nafasi yake kwenye kwaya visigawiwe kwa mwingine akiwa anaumwa. Mtu hupona haraka akijua ana pa kurudi.
5. Kemeeni tusi palepale. Anayemwita mwenzake chizi kilabuni asichekewe. "Hilo hapana, ndugu yangu" linatosha.

7. MAKOSA YANAYORUDIWA

* Kumlazimisha achangamke: kumvuta kwenye harusi na ngoma ili "asahau".
* Kumwozesha, au kumhamishia mjini, kama dawa.
* Kumsimanga kwa gharama: "Umetumalizia fedha."
* Kumfanyia kila kitu hadi ajione hana kazi. Mwachie anachoweza.
* Kumsema akiwepo kana kwamba hayupo.
* Kudhani amepona kwa sababu ametabasamu, au ghafla ametulia na kugawa vitu vyake. Huo ni wakati wa kuwa macho zaidi.
* Kumsahau anayeuguza. Naye anachoka, mpokeeni zamu.

8. ORODHA YA KUKAGUA, KATA UBANDIKE UKUTANI

☐ Nimeacha kutumia jina la kubandika kwa umri wake.
☐ Nimemwona ana kwa ana wiki hii.
☐ Nimeuliza habari za usingizi, chakula na kifo.
☐ Siri yake iko kwangu tu na kwa wanaomtibu.
☐ Sumu, kamba na vidonge viko mbali naye.
☐ Tarehe ya kliniki naijua, na wa kumsindikiza yupo.
☐ Dawa hazijakatishwa.
☐ Nafasi yake kwenye kikundi na zamu yake ya maji zimelindwa.

Turudi kwa yule baba mlangoni. Leo ni zamu yake ya nne. Ukipita na jembe lako, usipitilize. Ingia uani, msalimie kwa jina lake, kaa. Mwambie: "Nitakufungulia maji leo, nitalimwagilia shamba lako kwanza. Jioni nakuja tuongee. Jumatatu tunaenda zahanati." Huenda asijibu kitu. Wewe chukua lile jembe lililoegemea ukutani, uende nalo shambani kwake, na jioni umrudishie likiwa na udongo mbichi.